Uzinduzi wa Njia ya Sala na Jasho, Mtaa wa Chibolele

Mheshimiwa Katibu wa Mkoa, ambaye ametuma udhuru, Mheshimiwa Mwakilishi wa Katibu wa Mkoa, ambaye naye ametuma udhuru, ila yeye ametuma kwa maandishi, mchungaji wetu mpendwa, Pasta Musukwa, mlezi wa roho zote zilizoko kati ya soko na reli, wazee wa kanisa, mashemasi, wanakwaya wa sauti zote nne, mama yetu Ba Katongo, mwalimu wa darasa la nne, pamoja na akina mama kumi na saba mliokuja na raba na vitenge, Ba Kasongo, mlinzi wa kiwanda cha mikate, dereva wangu, wageni mlioalikwa na ninyi mliojialika, itifaki imezingatiwa, na pale ambapo haikuzingatiwa naomba ihesabike kuwa imezingatiwa. Nawasalimu katika jina la Bwana, na katika jina la Idara ya Uratibu wa Ibada na Mazoezi ya Viungo, ambayo mimi, Daktari wa Heshima Lombe Nsofwa, ni mkurugenzi wake, ni naibu wake, na kwa kipindi hiki cha mpito ndimi wafanyakazi wake wote. (Makofi ya watu watatu.)

Ndugu wananchi, natambua kwamba ni saa kumi na moja na nusu alfajiri, natambua kwamba wengi wenu mnatakiwa kazini, na ni kwa kutambua hilo hotuba yangu nimeifupisha ikawa na kurasa ishirini na mbili tu. (Mtu anaguna.) Utafiti wa kina uliofanywa na idara yangu, nikiwa ofisini kwangu, umebaini kwamba asilimia sitini na nane ya waumini wa mtaa huu hawana muda wa kusali kwa sababu ya kazi, na asilimia sabini na moja hawana muda wa mazoezi kwa sababu hiyo hiyo, na ukijumlisha utaona kwamba asilimia mia moja thelathini na tisa ya wananchi wetu wako hatarini, hali ambayo haijawahi kushuhudiwa katika mkoa mwingine wowote, nami najivunia kwamba tumekuwa wa kwanza. (Makofi. Mwalimu mmoja anahesabu kwa vidole na kuacha kupiga makofi.)

Ili kukabiliana na janga hilo, idara yangu iliandaa mkakati shirikishi, jumuishi na endelevu wa kumwezesha mwananchi mwenye shughuli nyingi kumtafuta Mungu na kupunguza kiuno kwa wakati mmoja. Katika awamu ya kwanza nilielekeza kwamba kupiga magoti kuhesabike kuwa zoezi, na kuinuka kuhesabike tena peke yake. Kuinua mikono wakati wa pambio ni zoezi la mabega. Kusimama kwa ajili ya somo la Injili ni zoezi la mapaja. Na kulala usingizi wakati wa mahubiri, baada ya majadiliano marefu na wataalamu, tulikubaliana kuwa ni mapumziko ya misuli. (Kicheko. Pasta Musukwa hacheki.) Katika awamu ya pili tulifanya semina ya siku mbili, ambapo washiriki walikaa vitini kuanzia asubuhi hadi jioni wakijifunza madhara ya kukaa, wakala kuku, na wakaazimia kukutana tena.

Na awamu ya tatu, mukwai, waheshimiwa, ndiyo hii Njia ya Sala na Jasho ninayoizindua leo, na kabla sijakata utepe niruhusuni nieleze historia yake, ambayo inanihusu sana.

Mwaka jana, mwezi wa pili, huyu Ba Katongo alianguka darasani akiwa ubaoni, akiwafundisha watoto kugawanya. Walimbeba hadi zahanati. Tabibu akampima presha, akapima tena kwa kutoamini mashine, akamwambia: nusu saa ya kutembea kila siku, bila hivyo safari ijayo hutaamka. Jumapili ya wiki hiyo hiyo Pasta Musukwa, ambaye atanisamehe, alimwita pembeni baada ya ibada akamwambia amepoa kiroho, haonekani tena kwenye maombi ya asubuhi, na kwamba Mungu anadai angalau nusu saa yake kila siku. (Pasta anakohoa.) Sasa mama huyu anafundisha zamu mbili. Nyumbani ana mama mkwe aliyelala kitandani mwaka wa nne, wa kugeuzwa na kuogeshwa, na ana wajukuu wawili wa kupelekwa shule. Alipiga hesabu ya siku yake yote akakuta amebakiwa na nusu saa moja, ile ya kungoja basi dogo la kwenda kazini. Akamfuata tabibu, akamfuata Pasta, akawaambia wote wawili neno moja: "Nusu saa ninayo moja, na ninyi mnaoidai ni wawili. Kwa hiyo mtakwenda pamoja."

Huo, ndugu zangu, ndio uratibu wa kisekta ninaouzungumzia kila siku. Idara yangu iliunga mkono mpango wake tangu siku ya kwanza kwa kutouzuia.

(Ba Katongo anatazama saa. Anainuka. Akina mama kumi na saba wanainuka naye, wanakaza vitenge kiunoni.)

Bamayo, mama zangu, mnakwenda wapi? Bado niko ukurasa wa nne. Bamayo Katongo, utepe haujakatwa! (Ba Katongo anajibu kwa upole kwamba saa kumi na mbili imefika, kengele ya shule haimsubiri mheshimiwa, na kama hotuba ina miguu na ije. Wanaondoka. Mheshimiwa anashuka jukwaani, karatasi mkononi, anawafuata. Wageni wengine nao wanafuata, kwa kuwa hakuna la kutazama tena.)

Kama nilivyokuwa nikisema, na naomba walio safu ya mbele wapunguze mwendo ili itifaki iweze kuwafikia, kama nilivyokuwa nikisema, alianza peke yake. Kila asubuhi aliandika mstari mmoja wa Biblia kwenye kiganja kwa kalamu ya wino, akatembea akiukariri, na kwa kuwa jasho lilikuwa linaufuta, ilimlazimu mstari uwe umeingia kichwani kabla haujatoka mkononi. Ukiisha mstari, alianza nguzo za umeme. Kila nguzo jina la mtu mmoja. Nguzo hii mama mkwe, nguzo ile mtoto wa darasa lake asiyekula asubuhi, nguzo inayofuata mwalimu mkuu, na hapo, nasikia, aliongeza mwendo. (Kicheko.)

Sasa hapa kwenye kiwanda cha mikate, na nashukuru kwamba tumefika maana naona jukwaa letu liko mbali sana nyuma, hapa ndipo Ba Kasongo alipomsimamisha. Alikuwa akimwona kila alfajiri mwanamke anapita anaongea peke yake, akifika kwenye nguzo ya kiwanda ananyoosha mkono. Ba Kasongo akaamini kiwanda kinalogwa. Akamzuia kwa rungu akamuuliza anamsema nani. Ba Katongo akamwambia nguzo hiyo leo bado haina mtu, kama ana wa kuombewa amtaje haraka, yeye anachelewa. Ba Kasongo akasimama na rungu lake. Kisha akamtaja mkewe, aliyekuwa hospitali wiki ya tatu. (Ba Kasongo, ambaye anatembea nyuma ya mheshimiwa, anasema ni kweli, na kwamba mke alirudi nyumbani mwezi wa tano, anakohoa kidogo tu.) Idara yangu inaipokea taarifa hiyo kwa moyo mkunjufu na itaiingiza kwenye mafanikio ya robo ya pili.

Naomba... naomba tusimame kidogo kwa ajili ya wimbo wa taifa. Hamsimami? Basi tuendelee.

Walikuja wengine. Muuza mboga, mshonaji, mke wa shemasi. Pasta hakupenda. Alisema sala ya kuvaa raba haina heshima, mtu huenda mbele za Mungu kwa utulivu, amepiga magoti, si anahema kama mwizi anayefukuzwa. Alimwita Ba Katongo mbele ya wazee wa kanisa. Yakazungumzwa mambo ya kumvua uongozi wa kwaya, alioushika miaka kumi na moja. Lakini akawajibu: "Pasta, Bwana Yesu alizunguka Galilaya yote kwa miguu, na alikuwa anasali. Sijasoma popote kwamba Baba yake alimwambia akae kwanza." Wazee wakaangaliana. Uongozi wa kwaya ulibaki kwake. Na Pasta, nisiseme mengi, tangu mwezi wa nane anatembea nao, na mkanda wake umeongezwa tundu jipya. (Kicheko kikubwa. Pasta anacheka safari hii, anafunga kifungo cha koti.)

Mimi mwenyewe nilitembea nao. Ndiyo. Mnakumbuka nilikuja na mpiga picha. Mpango ulikuwa hatua ishirini, picha, gari. Lakini dereva wangu alikuwa ameegesha upande ule wa reli. (Dereva anageuza uso.) Ikabidi niende. Kwenye nguzo ya saba nilikuwa nimeshika mbavu, na huyu mama akaniuliza, "Mheshimiwa, nguzo hii ni ya nani wako?" Nikasema taifa. Akasema taifa linaombewa na watu wengi, nitaje mtu. Nikasema wadau wa maendeleo. Hakwenda mbele. Wote wakasimama wananingoja.

Nikamtaja Mwango. Binti yangu, yuko mjini Kabwe. Hatukuwa tumezungumza miaka mitatu. Siku ya harusi yake nilikuwa mgeni rasmi kwenye kongamano la kuimarisha familia. (Hakuna anayecheka.) Nilitoa hotuba ya saa mbili. Walinipa cheti.

Ba Katongo akasali pale pale, macho wazi, akasema: "Bwana, huyu baba ana binti anaitwa Mwango. Mpe maneno machache." Basi. Akaendelea na nguzo ya nane.

Mchana wake nilimpigia. Nilisema, "Mwango, ni baba. Nilikosea." Kisha nikatafuta la kuongeza, na mnanifahamu, huwa sikosi la kuongeza, nikakosa. Halafu akaniuliza kama nimekula. (Zinasikika raba kwenye kokoto.)

Naomba hilo lisiingie kwenye kumbukumbu rasmi.

Sasa, kwa kuwa naona geti la shule, naruka ukurasa wa tano hadi wa ishirini na moja, naenda moja kwa moja kwenye kaulimbiu. Nikisema "Goti chini", mseme "Mwili juu". Goti chini! (Dereva peke yake: "Mwili juu.") Sala bila jasho! (Hakuna anayejua jibu. Mheshimiwa naye anatafuta kwenye karatasi, halipo.)

Kwa kuhitimisha, natoa shukrani za dhati. Namshukuru mhandisi aliyechora Njia hii, ambaye hakuteuliwa. Namshukuru mkandarasi, ambaye hakupatikana. Nashukuru kwa mabenchi ya kupumzikia, kwa taa za jua, na kwa vibao vyenye mistari ya Zaburi, vyote vikiwa ukurasa wa tisa wa ripoti ya idara, na haviko kwingine kokote. Ripoti ilipelekwa mwezi wa sita, mukwai. Inasema Njia imekamilika. Nilileta utepe, ila nimefika hapa nimeushika mkononi, kwa sababu sikuona pa kuufunga.

(Ba Katongo, mkono kwenye geti, anauliza kwa hiyo Njia yenyewe iko wapi.)

Hakuna Njia, bamayo. Haijawahi kuwapo. Mmekuwa mkitembea tu.

Asanteni kwa kunisikiliza.