Bi Miwani na Barua ya Saa Moja

Jongeeni, enyi mlioketi vitini na enyi mnaopita ushorobani na faili kwapani! Zimeni redio, tueni vikombe, msikie habari ya Bi Miwani, karani wa masjala, mlinzi wa makabati kumi na mawili ya chuma, ambaye kwa kidole kisichobonyeza aliiokoa hospitali nzima.

Ilikuwa Jumanne, saa tatu asubuhi. Juu ya kiti cha ngozi kinachozunguka aliketi Mganga Mkuu, bwana wa mihuri, simba wa vikao, mwenye shahada tatu ukutani na asiyejua kuwasha printa. Bi Miwani alikuwa amemletea hati za kutiwa saini, ndipo kompyuta ikalia ting', na jemadari yule akabadilika rangi.

"Ole wetu!" akanguruma. "Idara ya kompyuta yasema sanduku langu la barua litafungwa baada ya saa moja, nisipobonyeza hapa na kuandika nywila yangu! Mimi, niliyehutubia mawaziri! Nipishe nibonyeze kabla dunia haijaharibika."

Sasa nywila ile ndiyo iliyofungua majalada ya wagonjwa elfu sita: nani anaugua nini, nani alilazwa kwa siri, nani hataki mumewe ajue. La dada yake Bi Miwani lilikuwemo.

"Daktari, toa mkono kwenye kipanya."

"Waniamuru?"

"Nakuomba. Kwa sauti kubwa."

Akaivuta miwani hadi ncha ya pua, kama shujaa ashushaye kofia ya chuma, akaikabili barua. Na barua gani! Ilisalimu "Mpendwa Mtumiaji", kana kwamba idara iliyo mlango wa tatu kutoka hapo imelisahau jina la mkubwa wake. Katika anwani ya mtumaji, jina la hospitali lilikuwa limechomekwa herufi moja ya ziada, mfano wa mwizi aliyevaa sare ya askari akasahau viatu. Halafu vitisho: upesi, upesi, umekwisha! Loo, jeshi la wavivu, lisiloweza hata kuendeleza maneno vizuri, likataka kuteka ngome!

"Wanakukimbiza ili usifikiri, Daktari."

"Mimi hufikiri nikikimbia."

Bi Miwani akakiongoza kishale juu ya kitufe cha buluu, akakituliza pale bila kubonyeza. Chini kwenye kioo cha kompyuta ikachomoza anwani ya kweli, mkururo wa herufi na tarakimu usiofanana na hospitali yoyote.

"Labda idara imehama," Mganga Mkuu akanong'ona.

Bi Miwani akainua simu, akapiga namba iliyobandikwa ukutani, si ile iliyoandikwa kwenye barua, akaweka sauti ya nje.

"Hatujatuma kitu, mama," fundi wa kompyuta akajibu. "Na hatumwombi mtu nywila, hata siku moja. Kuna aliyebonyeza?"

Mganga Mkuu akatazama dari.

"Bado," akasema. "Nilikuwa natafuta kikaratasi nilichoandikia nywila."

"Kiko wapi?"

"Chini ya kibodi."

Fundi akashusha pumzi ndefu iliyosikika chumba kizima. Bi Miwani akakinyanyua kibodi, akakichana kikaratasi vipande vinane, akairipoti barua kuwa ya utapeli, kisha akashika njia wodi kwa wodi. Barua ile ilikuwa imewafikia watu arobaini. Muuguzi mmoja wa wodi ya wazazi alikuwa amebakiza herufi mbili za nywila yake.

"Acha!" Bi Miwani akapiga ukelele kutoka mlangoni, na watoto wachanga wote wakaamka.

Saa tano wakuu wa idara walikaa kikao. Mganga Mkuu akasimama, akakohoa, akatangaza kwamba yeye aliishuku barua ile tangu mwanzo. Fundi akainamia viatu vyake. Bi Miwani, mwandishi wa kumbukumbu za kikao, aliyaandika maneno yale yote, neno kwa neno, kwa mwandiko wake ulionyooka, na mwishoni akaweka alama ya mshangao. Kumbukumbu ikasomwa, ikathibitishwa, ikapigwa mhuri, na hiyo ndiyo historia rasmi.