Yah: Ombi la Kufuta "Yasiyodumu" Kwenye Kamusi Yenu

Ndugu Mhariri wa Kamusi ya Kiingereza na Kiswahili,

Natumaini kazi ya maneno inakwenda vizuri. Mimi ni mwanafunzi wa sekondari, na kamusi yenu huisoma hata nisipotafuta neno. Ndiyo maana naumia kuwalalamikia.

Darasani kwetu kuna msichana tunayemwita Hoja, kwa sababu ndiye mwenyekiti wa klabu ya mdahalo. Nilimwandikia barua kumweleza kwamba nampenda. Akanijibu kwa kuninakilia maneno yenu: "Infatuation: mapenzi ya pupa yasiyodumu, aghalabu ya vijana. Mfano: Alimpenda kwa pupa, baadaye akapona." Chini akaongeza: "Kanusha hili, ndipo nikujibu." Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, jibu langu limekwama kwenu.

Nakanusha hivi:

1. "Aghalabu ya vijana." Mjomba wangu, fundi saa mwenye mvi, kila akileta mchumba mpya humwambia mama, "Dada, huyu sasa ndiye." Mama humjibu, "Hata yule wa juzi alikuwa ndiye, kaka. Haya, kaeni mle." Baba naye alinunua gitaa, akatuimbia wiki nzima, tukavumilia. Sasa gitaa hilo tunaanikia soksi. Hakuna aliyewanakilia wazee hawa ukurasa wenu.

2. "Akapona." Nani aliwaambia naumwa? Dada yangu ni muuguzi, na tangu alione jibu la Hoja huniuliza mezani mbele ya wageni, "Mgonjwa wetu, umeweza kula?" Naweza. Nakula sana.

3. "Yasiyodumu." Mlipima vipi? Ili mseme mapenzi ya mtu hayakudumu, lazima mmoja wenu akae naye mpaka mwisho wa maisha yake. Kwangu hajaja mtu. Najitolea nipimwe: tumeni afisa kila mwaka, aniulize kama bado nampenda, atie sahihi. Nikishakufa, chapisheni matokeo.

4. Hadi hapo, naomba ukurasa huo ukatwe katika shule zote. Najua nyuma yake kuna maneno mengine. Nimeyasoma yote, nchi inaweza kuishi bila hayo.

Nawasalimu wasahihishaji, wachapaji, wauza vitabu, na hasa aliyetunga ule mfano. Namwombea naye apendwe kwa pupa.

Wenu katika kutafuta maana,
Mwanafunzi wa dawati la nyuma

Baada ya sahihi: Nilimpa Hoja barua hii anikagulie tahajia kabla sijaituma. Ameirudisha. Pembeni ameandika kwamba hoja ya tatu imemshinda, kwamba naye ananipenda, na kwamba sasa tuache kuandikiana: kesho wakati wa mapumziko tukae kwenye benchi la nje, tuzungumze kwa mdomo. Sijawahi kuzungumza naye kwa mdomo. Tafadhali msifute chochote. Ila mngeongeza kidogo tu: mapenzi haya huwa yanaisha saa ngapi? Nijibuni kwa simu. Mapumziko ni saa nne asubuhi.