Mstari wa Sifuri Kibanjani Kwangu

Buganguzi, Jumatatu, 7 Aprili 1975
Leo kwenye kisomo cha watu wazima Mwalimu Jovita alileta tufe. Alisema Ikweta haina ubishi: iko katikati ya ncha mbili za dunia, hakuna wa kuihamisha. Lakini mstari wa sifuri wa longitudo haukuwekwa na dunia. Wakubwa walikaa kikao mwaka 1884, wakakubaliana upite Griniwichi, Uingereza. Basi! Niliuliza kama ungeweza kupita Buganguzi. Akasema ungeweza, mradi watu wakubaliane. Jirani yangu Kagaruki alicheka mpaka akakohoa. Na akohoe.

Jumanne, 8 Aprili
Ijumaa mpima ardhi anakuja kuchora ramani ya kijiji. Kagaruki ana nyumba ya bati, mimi ya nyasi. Ataonekana yeye. Ila sifuri ikipita kwangu, kila mtu atahesabiwa kuanzia kwa Privatus Kashaija! Kagaruki atakuwa nyuzi mbili mashariki ya Kashaija, apende asipende. Mke wangu Ephrasia ameuliza kama sifuri inaliwa. Hana jiografia.

Jumatano, 9 Aprili
Mstari lazima uonekane. Kamba italiwa na mbuzi. Nimekata milamula, mti usiokufa hata ukiupanda kichwa chini, nikaipanda kutoka barabarani moja kwa moja hadi mwisho wa kibanja alichoniachia baba. Migomba mia huku, mia kule. Sifuri safi kabisa. Ephrasia amesema mlamula haupandwi ovyo. Nimemwambia hata Griniwichi walianza hivi hivi.

Alhamisi, 10 Aprili
Makubaliano ni mashahidi. Nimetoa rubisi, pombe yetu ya ndizi, nikawaita wazee na Kagaruki. Wamekunywa mbele ya milamula, wakaukubali mstari wote kwa pamoja. Kagaruki ameuliza mara mbili kama nina hakika. Halafu akanisaidia kushindilia udongo kwa mguu. Wivu umemtoka, maskini.

Ijumaa, 11 Aprili
Mpima ardhi ameuliza mpaka wangu na Kagaruki uko wapi. Wazee wote wakanyooshea kidole sifuri yangu! Wamesema mlamula ndio mti wa mpaka tangu enzi za mababu, umepandwa, rubisi imenyweka, mwenye kibanja kapanda kwa mkono wake, kuna nini tena? Nimeeleza longitudo. Nimetaja 1884. Mpima ameandika, kwa wino. Migomba mia ni ya Kagaruki. Na kahawa. Na choo. Na kaburi la baba! Ephrasia amesema mchuma janga hula na wa kwao, kisha akalia. Mimi pia nimelia. Naandika ukweli.

Jumamosi, 12 Aprili
Kagaruki ameturuhusu kutumia choo. Tupige hodi kwanza.

Jumapili, 13 Aprili
Baada ya Misa mwenyekiti wa kijiji ameniita. Mpima anarudi kesho, ramani bado inasahihishika. Ning'oe milamula mbele ya wazee, niseme nilikosea, kibanja kitarudi chote. Kagaruki mwenyewe amekubali. Amesema hawezi kupalilia kaburi la watu. Ephrasia amemshukuru Mungu kwa sauti, watu wanasikia.

Nimetafakari kosa langu na nimelipata. Nilichagua mstari unaotegemea makubaliano, na watu hawategemeki. Nilipaswa kuanza na Ikweta! Ikweta haimwombi mtu ruhusa. Jioni hii nimeipima kwa hatua ile nusu ya kibanja niliyobakiwa nayo, kutoka barabarani hadi mpakani kwa mjane Benadetha, upande wa kusini. Nimepata katikati kamili. Kesho mpima akifika ataukuta mstari umekwisha kupandwa, na hapo ndipo watakapoelewa kwamba na ule wa kwanza ulikuwa sayansi. Kung'oa hakuna.

Ephrasia ameuona mzigo wa milamula mlangoni, akaenda kulala kwa dada yake. Lakini Benadetha amekuja mwenyewe, na jembe lake, kuuliza mashimo yachimbwe saa ngapi. Rubisi anatoa yeye.