Mwanachama Namba Moja

Saa nne na robo asubuhi, Jumanne, tarehe 11 Novemba 1997, mtu mmoja mwenye suti ya kijivu alisimama mbele ya zahanati ya binafsi nyuma ya soko la Nkwenda, akahesabu wagonjwa waliokaa barazani. Walikuwa wawili, na mmoja wao alikuwa amekuja kukwepa mvua.

Hesabu hiyo ilimfurahisha. Zahanati yenye wagonjwa wengi haina muda wa kusikiliza hotuba.

Mtu huyo aliitwa Egbert Rwegoshora, mzaliwa wa Muleba, umri miaka thelathini na sita. Kazi yake ilibadilika kulingana na taarifa ya habari. Kwa mwaka mzima redio ilikuwa ikieleza kwamba katika wilaya moja huko Tabora serikali inajaribu mfuko wa afya: kaya inalipa mara moja kwa mwaka, inapewa kadi, kisha inatibiwa. Karagwe mfuko huo ulikuwa haujafika. Uvumi wake ulikuwa umefika, na kwa Egbert uvumi ulitosha kuwa mtaji. Wenye zahanati za binafsi, walioruhusiwa na sheria miaka sita tu nyuma, walikuwa wakiulizana kila walipokutana: mwenye kadi atatibiwa kwa nani, na mganga atalipwa na nani?

Egbert alikuwa na jibu, karatasi na mhuri. Maneno ya mhuri aliyaandika kwa mkono wake mwenyewe, na fundi mmoja wa Kayanga akayachonga kwenye soli ya ndara kama yalivyo. Kwa vifaa hivyo zahanati nne, kuanzia Ndama hadi Kibingo, zilikuwa zimemkabidhi kila moja katoni ya dawa, akaziita sampuli za ukaguzi. Katoni zilikuwa chini ya kitanda chake katika gesti ya hapo Nkwenda. Alhamisi saa nane mchana pikapu ya Nsabimana ingezipeleka Murongo, ambako kuna daraja, na ng'ambo ya daraja kuna Uganda, na Uganda kulikuwa na mnunuzi. Nafasi ya katoni ya tano ilikuwepo. Egbert hakupenda kuona nafasi ikikaa bure.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unaumwa nini?"

Aliyeuliza ni mwenye zahanati, Anastazi Mbonimpa, tabibu mstaafu ambaye Nkwenda nzima ilimwita dokta, ingawa hakuna chuo kilichowahi kumwita hivyo.

"Siumwi, waitu," Egbert alijibu, kwa neno la heshima la kwao. "Nimekuletea wagonjwa."

Anastazi alitazama nyuma yake, hakuona mtu.

"Wamo humu," Egbert alisema, akagonga mkoba wake. "Utaratibu unabadilika, dokta. Mgonjwa halipi tena dirishani. Anaonyesha kadi, unamtibu, unajaza fomu, mfuko unakulipa."

"Unalipa kwa kila mgonjwa?"

"Kwa kila unachomfanyia."

Akaweka mezani orodha ya malipo: sindano, kuongezewa maji, siku ya kulazwa, kung'oa jino. Kila bei ilikuwa mara tatu ya bei za Nkwenda. Anastazi aliisoma kama mtu asomavyo wosia wa baba tajiri.

"Na kama mgonjwa haumwi sana?"

"Hilo ni swali la kitabibu. Mimi ni mtu wa utawala."

Chini ya orodha kulikuwa na masharti. Egbert aliyatunga ili kutisha, kwa sababu aligundua mapema kwamba watu hawaamini zawadi isiyo na kitisho. Sharti la tatu lilisema mtoa huduma atakayemwacha mwanachama mgonjwa aondoke kabla ya kumaliza dozi atafutiwa usajili. La nne lilisema mwanachama atakayekataa tiba atanyang'anywa kadi.

Anastazi alipewa fomu ya kuorodhesha wanachama wake watarajiwa. Kwa saa mbili alijaza majina mia tatu na kumi na mawili, bila kuinuka kitini. Mbele ya jina la saba, Mukabera, aliandika "marehemu", akafikiri, akalikata neno hilo na kuliacha jina.

Mkewe, Xaveria, nesi wa zamani wa hospitali ya misheni, alileta chai. Akazichukua zile karatasi mpaka dirishani penye mwanga, akazisoma zote na mhuri wake. Kisha akamwita mumewe stoo wakafungashe sampuli. Egbert aliwasikia wakinong'ona Kinyambo kwa muda mrefu kuliko katoni moja inavyohitaji. Hakujali. Mke na mume lazima wagombane kabla ya kutoa mali.

Walirudi na katoni, na Anastazi alikuwa mnyenyekevu kupita kiasi.

"Mwanangu, sisi tumezoea kazi za zamani. Tuonyeshe mara moja jinsi kadi inavyofanya kazi. Unayo hata moja?"

Egbert alitabasamu. Tabasamu hilo, lenye meno meupe yaliyopangika, ndilo lililokuwa jembe lake. Akatoa kadi yake mwenyewe.

"Mwanachama namba moja. Mimi hapa."

"Basi tuanze na wewe," alisema Xaveria, na kipimajoto kilikuwa tayari kwapani mwa Egbert. Alikitazama, akatikisa kichwa. "Una homa, baba."

Egbert hakuwa na homa, lakini alipiga hesabu: sindano moja kwa katoni moja ni biashara nzuri. Akafungua mkanda, akavua suruali, akalala kifudifudi.

Kosa lake halikuwa sindano. Kosa lilikuwa kusahau kwamba penisilini ni ya siku tano, na kwamba sharti la tatu aliliandika mwenyewe.

"Naomba suruali yangu," alisema baada ya dakika kumi.

"Nimeiloweka," alisema Xaveria. "Ilikuwa na tope."

Huo ulikuwa mwezi wa kumi na moja. Karagwe, mwezi huo, suruali iliyofuliwa Jumanne ni habari ya Ijumaa. Egbert alilazwa akiwa na shati, kanga ya Xaveria na tabasamu.

Jioni Xaveria alikwenda gesti na ufunguo alioukuta mfukoni mwa suruali, akarudi na mtu wa toroli na katoni nne.

"Hizo ni mali ya mfuko," Egbert alisema.

"Mali ya mgonjwa hutunzwa na nesi. Na dawa zetu tumekufungashia wewe, kwa hiyo itabidi tufungue hizi. Si mfuko utalipa?"

"Utalipa," alisema Egbert. Angesema nini?

Jumatano alichomwa sindano nne, mbili kila upande. Alitundikiwa chupa mbili za maji. Alipewa dawa ya minyoo, kwa tahadhari. Kila mara Anastazi alishika orodha mkono wa kushoto na kalamu mkono wa kulia, na kila dawa ilitoka katika katoni alizokusanya mgonjwa kwa wiki tatu za kusema uongo. Masharti aliyowaandikia waganga yalikuwa yanatekelezwa neno kwa neno. Ni wachache kati ya watunga sheria wanaopata heshima hiyo.

Alhamisi saa tano asubuhi Anastazi aliingia na koleo.

"Tumebakiza jino," alisema. "Ndilo lenye malipo mazuri. Fungua mdomo. Nadhani la mbele."

Egbert aliufunga mdomo kwa mikono miwili. Alikuwa na saa tatu kabla ya pikapu, lakini hilo sasa lilikuwa dogo. Tapeli asiye na katoni hutafuta nyingine. Tapeli mwenye pengo hulima.

"Hakuna mfuko," alisema kupitia vidole.

"Sikusikia."

"Hakuna mfuko, mzee. Mimi ni mwongo. Karatasi nimeandika mwenyewe. Nisamehe, waitu."

Anastazi aliweka koleo mezani taratibu. Xaveria akaleta karatasi na kuweka kidole juu ya mhuri.

"Soma hapa."

"Mfuko wa Afya wa Wiraya."

"Wa nini?"

"Wa Wiraya ya Karagwe."

"Ofisini wanaandika *Wilaya*, baba. Wiraya ni ya kwetu, ya nyumbani, kwa mama. Nilijua Jumanne, chai yako ikiwa bado ya moto."

Egbert aliusoma mhuri tena. Hadi hapo masikio yake hayakuwahi kutofautisha herufi hizo mbili, l na r.

"Kwa nini hamkuita polisi?"

"Wangetaka kuona fomu yangu," alisema Anastazi. "Ile yenye Mukabera."

Xaveria alimpa suruali. Ilikuwa imekauka tangu jana, kando ya jiko.

"Na katoni za wale wanne?" Egbert aliuliza akiwa mlangoni.

"Katoni gani?" alisema Anastazi. "Mwanachama aliingia hapa na shati tu."

Saa nane na dakika ishirini mchana pikapu ya Nsabimana iliondoka Nkwenda kuelekea Murongo bila mzigo. Dereva alimkaribisha abiria wake pekee akae mbele, kwenye kiti chenye sponji. Abiria alikataa, akasafiri nyuma, amesimama.