Ndoo ya Kutemea Katika Duka Lako la Mvinyo

Kwa Bwana Mwenye Duka la Mvinyo,

Hatujaonana, na kwa jinsi duka linavyoendeshwa nadhani hata wewe na duka lako hamjaonana siku nyingi. Pokea salamu zangu, uzigawe nyumbani kwako, zitakazobaki niwekee.

Mimi ni mzee wa miaka themanini na moja. Nimewazika madaktari watatu walionikataza chumvi. Nimewazika mafundi bomba wote tulioanza kazi pamoja, na wengine walioanza nyuma yangu wakiwa na haraka. Nyumba nilimozaliwa imebomolewa, iliyojengwa juu yake nayo imebomolewa, mimi nipo. Meno yangu yote yamo mdomoni. Nayataja mapema kwa ajili ya heshima tu, si kwa sababu nyingine. Shule niliiacha kabla haijaniacha, lakini barua hii ni ya mkono wangu mwenyewe, na binti yangu aliyetaka kuisahihisha nimemwambia ashughulike na yake.

Ninamlalamikia msimamizi wako wa kaunta. Jina lake silijui. Sisi watu wa meza ya kuonja tunamwita Bwana Pua, kwa sababu glasi huifikia kwa pua kwanza, na pua ikishaingia mle ndani haitoki haraka. Jumamosi iliyopita bwana huyu alinitoa dukani mbele za watu, akaniambia nisirudi. Na Jumamosi hii ndipo inapofunguliwa ile chupa ya poti, mvinyo mtamu wa miaka arobaini. Naomba nirudishiwe kiti changu kabla haijafunguliwa. Hayo tu. Malalamiko yenyewe ni matatu.

Kwanza nikueleze nilivyofika kwenye meza hiyo, usije ukaniita mlevi. Maisha yangu yote nimekunywa chai na maji, na maji yenyewe nilijua yametoka bomba gani. Siku ya kwanza niliingia dukani kuwaambia kwamba mtaro wenu wa nyuma unanuka. Hakuna aliyenisikiliza, lakini Bwana Pua alinipa kiglasi cha kitu chekundu kinachokaribia weusi, nadhani ili ninyamaze. Nilidhani ni dawa ya kikohozi. Nikanywa. Kikohozi kikapona palepale, ingawa sikuwa nacho. Kumbe ndiyo poti.

Mtaro unanuka mpaka leo. Nimeusamehe.

Kuanzia hapo kila Jumamosi nilikuwa wa kwanza mlangoni. Bwana Pua akatueleza, kwa sauti ya mtu anayesoma risala, kwamba mvinyo wa namna hii humwagiwa pombe kali wakati zabibu bado zinachachuka, basi uchachukaji unasimama na utamu unabaki. Yaani wamefunga koki kabla sukari haijaisha. Angesema hivyo toka mwanzo tungeelewana mapema. Nikaonjeshwa sheri nyeusi, mvinyo wa ukoo uleule. Nikaonjeshwa na ule mvinyo wa kisiwani ambao zamani ulizungushwa melini kwenye joto mpaka ukaivia safarini, ukarudi bora kuliko ulivyoondoka, jambo ambalo sijaliona kwa binadamu yeyote aliyesafiri.

Na hapo mezani, mbele ya kiti changu, hukaa mama mmoja mwenye kofia. Ni mwalimu mstaafu. Yeye ni mjane na mimi ni mgane, lakini hilo halihusiani na malalamiko. Siku moja aliniuliza, "Mzee mwenzangu, meno hayo umeyatunzaje?" Nikamjibu kwamba ni kwa kusema kweli siku zote. Akacheka sana. Nimelieleza hilo ili ujue kwamba katika meza yako mimi ni mtu ninayehesabiwa.

Sasa malalamiko.

La kwanza ni ndoo. Katikati ya meza umeweka ndoo inayong'aa kuliko sufuria za nyumbani kwangu, na watu wazima, waliovaa viatu, wanachukua poti ya watu, wanaizungusha mdomoni kama wanasukutua, halafu wanaitema humo. Mimi nimefanya kazi na maji machafu tangu ujana wangu. Kinachostahili kwenda bombani nakijua kwa macho, na gizani nakijua kwa harufu. Poti haimo. Halafu tulikaribishwa. Bwana Pua mwenyewe alisema, "Karibu mzee, onja." Mtu aliyelelewa akikaribishwa hatemi. Mwonja asali haonji mara moja, wahenga walisema. Hakuna mhenga aliyesema anaitema kwenye ndoo. Mimi katika meza ile sijatema hata tone, na nitarudia maneno hayo popote nitakapopelekwa.

La pili ni pua yenyewe. Bwana Pua akinusa anapata ngozi ya tandiko, tumbaku, maganda ya machungwa, mbao za kale, anapata kila kitu isipokuwa mvinyo. Sawa, pua ni yake. Lakini siku ya ile sheri nyeusi aliniuliza mimi napata nini. Nikanusa. Nikamwambia napata kabati la marehemu mke wangu, lile alilokuwa akiweka zabibu kavu na dawa ya kung'arishia mbao, na huwezi kulifungua bila yeye kuuliza kutoka chumba kingine unatafuta nini. Bwana Pua akasema, "Mzee, hiyo si harufu," na wenzake wakacheka. Mama mwenye kofia hakucheka. Alinusa glasi yake tena, kwa muda mrefu, akasema kabati analipata vizuri, ila la kwao lilikuwa na kitasa kibovu.

La tatu, glasi ni ndogo.

La nne, ambalo limezaliwa nikiwa naandika, ni hila. Jumamosi iliyopita, bila onyo, nilipewa sheri kavu. Rangi yake ni ya majani makavu, na ni kavu mpaka mtu unajiuliza imewezaje kuwa majimaji. Mimi nilitegemea utamu, nikaipokea kwa mdomo mzima, kwa imani. Yaliyotokea baada ya hapo hayahusiani na barua hii.

Linalohusiana ni kwamba dakika ileile roho ya kupinga utemaji ilinipanda. Nikachukua sinia ya biskuti, nikaifunika ndoo, nikaiteremsha chini, nikaikalia. Ulikuwa mgomo wa amani. Mwenzetu mwenye duka la vitambaa alikuwa na poti mdomoni, mashavu yamemvimba kama tarumbeta, akazunguka meza mara kadhaa akitafuta pa kutemea, mwisho akameza. Wote walimeza. Niliziangalia nyuso zao. Zilipendeza. Kwa mara ya kwanza duka lako lilikuwa na wateja.

Bwana Pua akasema, "Mzee, inuka kwenye ndoo." Nikatikisa kichwa. Akasema, "Basi tueleze una shida gani." Sikumjibu, kwa sababu mwenye hekima hafungui mdomo ovyo. Mama mwenye kofia akaniinamia, "Mzee mwenzangu, kulikoni?" Naye nilimjibu kwa macho. Wakanibeba wanaume wawili, kwa staha, nakiri, mpaka nje, ndoo ikabaki ndani palepale. Nilipoinyooshea kidole kuonyesha kwamba ningependa kuondoka nayo, Bwana Pua aliniambia nisirudi tena. Hilo la kuninyima ndoo ndilo la tano.

Kwa hiyo, Bwana, kwa unyenyekevu mkubwa naomba yafuatayo. Nirudishiwe kiti changu, kilekile, kinachotazamana na kile nilichokitaja. Bwana Pua apelekwe mahali akafundishwe kumeza. Juu ya mlango paandikwe Hapa Hatutemi, kwa rangi isiyofutika. Na ile ndoo iletwe nyumbani kwangu ikiwa bado imefunikwa kwa sinia, isimwagwe, isitikiswe, isichunguliwe na mtu yeyote, kwa kuwa ni ushahidi.

Ikiwa imeshamwagwa, naomba pasitokee mtu mwingine wa kugusa bomba lililo chini ya sinki yenu. Bomba hilo lina kona, na kwenye kona vitu vigumu hukwama. Sisemi kuna kitu kigumu. Nasema nitakuja mwenyewe na spana yangu, bila malipo, mkiwa mmefunga duka, na mtanipisha nifanye kazi peke yangu kama mafundi wakubwa tunavyopenda.

Ukiona haya ni makubwa kwa ajili ya kiti kimoja, fikiri vizuri. Leo mtu anatemewa poti mbele yake ananyamaza. Kesho watoto watatema chai ya wazazi wao. Keshokutwa wakwe watatema chakula mezani wakisema walikuwa wanaonja tu, na hapo nani atapika, nani ataoa? Taifa zima litakaa kwenye ndoo, na sababu itakuwa duka lako.

Tangu Jumamosi ninakula supu na chai peke yake. Ni majonzi. Binti yangu anasema maneno yangu siku hizi hayaeleweki, yanapuliza upepo. Nimemwambia ni uchungu wa kudhulumiwa, nao ukizidi huingia kwenye ulimi.

Wasalimie wote wa kwako, mama anayefagia duka, mwenye duka la vitambaa, wale mabwana wawili walionibeba bila kunitegua kiuno, na hata Bwana Pua, yeye na pua yake, kila mmoja kwa nafasi yake. Nikiitwa mbele ya yeyote sitabadilisha neno. Ukitaka mtu wa kunithibitisha, muulize mama mwenye kofia. Alikuwa mbele yangu uso kwa uso, macho yake ni mazima, na aliona kila kitu.

Ni mimi, mteja wako aliyemeza kila tone,
Fundi Bomba Mstaafu.

Nyongeza: Nilikuwa natafuta bahasha, mlango ukagongwa. Ni mama mwenye kofia. Kumbe kweli aliona kila kitu. Siku ile nilipokwisha kubebwa alimwambia Bwana Pua amedondosha hereni, akakunja mkono wa gauni, akaingiza mkono kwenye ndoo mpaka kiwiko. Amenikabidhi yale ya juu yakiwa kwenye leso. Ameyaosha kwa ile sheri kavu, anasema hiyo ndiyo kazi inayoiweza. Nikataka kumweleza kwamba yalitoka yenyewe, si mimi niliyetema. Akasema, "Vaa kwanza, mzee mwenzangu, nisikie unachosema." Nikavaa, nikamvutia kiti. Yeye akasema meno yake ya chini nayo ni ya kutengenezwa, na hakuna Jumamosi ambayo hayajamtishia kuondoka.

Basi shahidi namwondoa. Ndoo msiniletee, na bomba liacheni lilivyo. Lile la kwanza, la ndoo, na yote yaliyozaliwa nalo nayafuta. Nimeelezwa kwamba mtu akipewa kitu kikavu ni vizuri akakitema mapema, kabla hakijamtemesha. Glasi bado ni ndogo. Poti ya miaka arobaini nitaimeza, hilo msinifundishe. Mwambie tu Bwana Pua kwamba safari hii kiti cha mama mwenye kofia kisogezwe upande wangu. Ndoo moja itatutosha.