Kiungo Kisichogeuka

Kamati ya Uimara wa Viungo vya Usukani inayo furaha kuutangazia umma wa Mbulu na Hanang kwamba tatizo la magurudumu ya mbele kulegea limekwisha. Limekwisha kabisa. Mimi ni Katibu wa Kamati, na najivunia.

Gari letu la wagonjwa lilikuwa likila kingpini, ile pini ambayo gurudumu la mbele hugeukia, kama mbuzi aliyeingia kwenye mahindi. Ikifungwa mpya leo, barabara ya Mogitu inaimaliza kesho. Mwenyekiti wetu, Mheshimiwa Sylvester, akalitafakari jambo hilo hadi saa ya chai, akagundua chanzo: kiungo kinalika kwa sababu kinageuka. Basi tukasanifu kisichogeuka.

Dereva Yonas akanyoosha mkono. "Mzee, sasa kona tutakataje?"

"Kona ni suala la watu wa barabara," akajibu Mwenyekiti.

Kwetu mtu hambishii aliyemtangulia kuzaliwa. Tukapiga makofi.

Hata hivyo, kwa tahadhari, tukaunda Kikosi cha Kona: vijana wenye nguvu wanaokaa nyuma ya gari. Penye kona wanashuka, wananyanyua mbele, wanageuza, safari inaendelea. Mwongozo ukasisitiza kwamba kiongozi hashuki.

Siku ya uzinduzi Mwenyekiti alikaa mbele na tai yake. Tulipofika Endagikot, Bibi Efrazia alikuwa amesimama katikati ya barabara. Pembeni, juu ya gunia, mkwewe Doris alikuwa kwenye uchungu wa kujifungua. Niliogopa, sifichi.

"Shikamoo, bibi," akasema Mwenyekiti dirishani.

"Marahaba, mwanangu. Shuka."

"Bibi, mwongozo unasema kiongozi..."

"Unanibishia mimi niliyekubeba mgongoni? Shuka, geuzeni gari liende hospitali!"

Akashuka. Doris akalazwa nyuma, bibi akakaa mbele, nasi wengine tukashika bampa.

"Nyanyua!" bibi akapiga kelele. "Wewe mwenye tai, usijifanye umeshika!"

Sikujua kwamba kati ya Endagikot na Mbulu kuna kona nyingi namna ile. Katika kila moja Mwenyekiti alinyanyua, kisha akakimbia nyuma ya gari akila vumbi, kwa kuwa bibi hakutaka uzito wa bure ndani. Tulifika. Doris akajifungua salama mtoto wa kike, nami nikafurahi mpaka machozi yakanitoka.

Kesho yake Kamati ilikagua kiungo. Hakikuwa na hata mkwaruzo. Uimara wake ukathibitishwa rasmi, nami nikasimama kumpongeza Mwenyekiti, aliyekuwa ameingia kikaoni kwa mkongojo, magoti yamegoma kukunjika.

"Rudisheni kile cha zamani," akasema. "Mkipake na grisi."

"Lakini mzee," akauliza Yonas kwa adabu, "si kitalika tena?"

Mwenyekiti akajisugua magoti.

"Kilike," akasema. "Kilike chenyewe."