Maoni ya Mama Yanavuka Pazia

Kibomet, Kitale

Kwa Shemeji Wasilwa,
Mwenyekiti wa Ukoo,
Webuye, Bungoma.

Shemeji mheshimiwa,

KUH: MAONI YA MAMA KUHUSU FILAMU

Pokea salamu kutoka Kibomet, ambako mvua imenyesha vizuri, mahindi yamefika magotini, na mimi mkwe wenu nimehamia jikoni.

Sikuandikii kama kaka wa mke wangu Nelima. Nakuandikia kama mwenyekiti, kwa sababu jambo hili linahusu mila, na ni wewe uliyenisomea mila hizo siku nilipoleta mahari: mimi na mama mkwe wangu tusiketi chumba kimoja, tusishikane mikono, tusitazamane usoni. Nilikubali kwa moyo mmoja. Wakati huo Mama aliishi Webuye nami Kitale, kwa hivyo mila ilikuwa rahisi sana kuitunza.

Kisha mkamleta kwangu afanyiwe operesheni ya jicho la kulia. Simlaumu mtu. Daktari aliondoa mtoto wa jicho, bandeji ikatolewa, na kitu cha kwanza Mama alichokiona sawasawa baada ya miaka mingi kilikuwa televisheni yangu. Tangu siku hiyo sebule ni yake. Mimi nikitoka kwenye mashine ya kusaga mahindi napitia mlango wa nyuma, nakohoa ili ajue nimefika, kama adabu inavyotaka, halafu naketi kwenye kigoda nyuma ya pazia la jikoni. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mama anawatolea waigizaji maoni mmoja mmoja, kwa sauti ya kuita ng'ombe. "Wewe kijana, ondoka hapo bana! Si unaona huyo ako na kisu?" Mimi filamu siioni, nasikia maoni tu. Juzi alimlalamikia mwanamume fulani tangu mwanzo hadi mwisho, ati hana adabu, anaingia nyumba za watu na viatu vya matope. Nikajua ni filamu ya usafi. Kesho yake nikaisifu mbele ya wateja wangu, nikasema ina mafunzo mazuri. Jepchumba wa kanisani akaniamini, akaazima flashi yenye filamu hiyo, akawawekea watoto wa shule ya Jumapili. Kumbe yule mtu ni jambazi na amemaliza ukoo mzima! Mama aliyaona hayo yote, ila kilichomuudhi ni matope. Jepchumba hanisalimii siku hizi.

2. Maoni hayo sasa yanatoka nje ya boma. Manjit, mwenye duka la vitambaa mjini, ni jirani yetu na huja jioni na filamu zake za Kihindi. Kihindi anakijua tangu utotoni. Mama hajui hata neno moja. Lakini Manjit akieleza kwamba msichana anaimba kuhusu mvua, Mama anakataa, anasema huyo analia kwa sababu wajomba wamekula mahari yake. Wanabishana kidogo, kisha Manjit anashindwa. Nimemsikia kwa masikio yangu: "Kweli Mama, hii yako ni tamu zaidi." Siku hizi hata yeye, kabla ya kusema filamu ilihusu nini, anauliza kwanza Mama alisemaje.

3. Mimi mwenyewe nimetiwa ndani ya filamu. Nelima akija jikoni kuchukua chai ananiletea habari kwamba, kwa maoni ya Mama, nikiondoka asubuhi natembea kama yule baba aliyetoroka akaacha watoto. Wiki iliyopita nilikuwa yule askari mnene anayefika watu wakishakufa. Nilikuwa na jibu, Shemeji, tena jibu la maana. Lakini mkwe hamjibu mama mkwe. Nikalimeza.

4. Hili ndilo zito. Ijumaa mvua ilinikuta njiani, nikaingia mbio hadi kigodani, hata kukohoa nikasahau. Walikuwa wakitazama filamu ya mzee aliyerudi kwa watoto wake kuomba msamaha, hayo Nelima alinieleza baadaye. Mama hakutamka neno tangu mwanzo hadi mwisho. Nilisikia mlango ukifunguliwa, muziki wa huzuni, basi. Nilikaa na kikombe mpaka chai ikapoa, sijui amesamehewa au amefukuzwa. Je, ni haki mtu azoeshwe maoni, kisha yakatwe hivyo bila taarifa? Niliumia, Shemeji.

Kwa hiyo naomba ukoo ukae na uamue. Kama mimi na Mama hatupaswi kuonana, basi maoni yake nayo yahesabiwe kuwa mama mkwe, yajifunike leso yanaponikaribia. Kama hilo ni gumu, niruhusiwe kujibu kupitia pazia, kwa heshima zote. Na kama yote yatashindikana, uje Jumamosi umchukue. Jicho limepona. Televisheni ibaki.

Unisalimie watu wote wa boma, wakubwa kwa wadogo, pamoja na yule mbwa aliyeniuma siku ya mahari.

Mkwe wenu mtiifu, aliyeko jikoni,

Kimutai

N.B. Kabla ya kuifunga barua nilimsomea Nelima. Alicheka vizuri mpaka tulipofika namba nne, hapo akaacha kucheka. Ameniambia kwamba nikiwa kazini Mama hutazama filamu kimya kabisa, mikono mapajani. Huanza kusema akisikia nimekohoa. Alimwambia Nelima kwamba miaka yote alikuwa akiketi karibu na televisheni za watu bila kuona, na hakuna aliyekumbuka kumwambia kinachoendelea. Ijumaa hakujua kama nimefika.

Barua siichani, kwa sababu zile salamu ni za kweli. Lakini Jumamosi usije, Shemeji. Bado kuna jicho la kushoto, na madaktari wa Kitale ni wazuri sana wasipoharakishwa. Naomba nikomee hapa. Nimeshakohoa, na Mama ameanza kumwonya mtu.